Miguu ya Chuma

Jina lake Sixten Brolund, lakini huku Kibosho
ndimi hazikuwa na subira na jina kama lile.
Tulimwita Sitini.
Alikuwa na miaka thelathini na mmoja,
ndevu za mahindi, kweli za mahindi,
na Kiswahili cha darasani, kimenyooka
kama shati la pasi ambalo halijavaliwa.

Mwaka wa sabini na mbili alishuka stesheni ya Moshi
na masanduku saba: sita ya mashine, moja la nguo.
Serikali ya kwao ilimtuma filamu ya mabomba,
maji yatoke mlimani, yaingie ndooni, watu watabasamu.
Dakika kumi na tano. Basi.
Mimi nilikuwa na kumi na tisa, nimetoka kozi ya uchapaji,
nikaajiriwa kumtafsiria Kichagga.

Siku ya tatu alimtaka Mzee Ndelilio.
Akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu ya chuma
katikati ya kihamba, kando ya mfongo,
akauliza kwa adabu zote:
"Maji ni nini katika maisha yako?"
Mzee akaitazama ile miguu.
Akasema, kwa lugha ya mama yangu:
Mwambie aitoe kwenye miche yangu ya kahawa.
Na ya jana hajanilipa.

Niliona haya. Nani alete ugomvi wa miche
mbele ya mgeni wa masanduku saba?
Nikameza mate, nikasema:
"Anasema, maji hushuka bila kuuliza mkubwa nani."

Sitini akafumba macho.
Alipoyafumbua, mabomba yalikuwa yamemtoka kichwani.

Ikatoka filamu nyingine, saa moja na nusu,
na sentensi yangu ndiyo jina lake.
Ikapata tuzo. Akanitumia picha:
yumo ndani ya suti, ameshika kitu cha kioo
kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani,
theluji dirishani nyuma yake.
Niliificha kwenye Biblia, kurasa za Mithali.

Barua ziliendelea, stempu za wafalme na ndege.
Filamu ya wanawake wa kiwanda cha viberiti.
Ya baba yake akisahau majina ya wanawe.
Ya treni: miaka mitatu kazini, juma moja ukumbini.
Mkewe akaondoka na mbwa.
Halafu barua fupi: *Siku hizi nafundisha.
Vijana hawalisubiri jua.
Kamera nimeiuza. Miguu ninayo, naanikia soksi.*

Mwaka juzi akarudi,
jina lake amelipita kwa miaka ishirini na zaidi.
Tukatundika shuka kwenye ukuta wa ghala la ushirika.
Mzee Ndelilio akatokea, mkubwa kuliko mlango,
akafungua kinywa, akasema aliyoyasema,
na chini ya kidevu chake maandishi meupe ya Kiswidi
yakapita taratibu, yakiwa na sentensi yangu.

Ghala zima likaangua kicheko.
Wajukuu, vitukuu, hata mlinzi mlangoni.
Nikatafuta pa kuficha uso.

Sitini hakuuliza wanacheka nini.
"Najua," akasema. "Tangu themanini na moja.
Mwanafunzi wa Machame, pale Uppsala,
alicheka hivihivi, peke yake,
kati ya Waswidi mia tatu waliokuwa wakilia."
"Mbona hukuirekebisha?"
"Mzee alisema lake. Wewe ukasema lako."
Akajikuna ndevu, sasa nyeupe.
"Tena tuzo nilikuwa nimeshaipokea."

Akatoa bahasha mfukoni,
akampa Eliakunda, mjukuu mkubwa.
"Ya jana," akasema.

Eliakunda akalowesha kidole kwa mate,
akahesabu mara mbili, kama babu yake.
Kisha akaniambia mimi, kwa Kichagga,
macho yake kwa mgeni:
Ya jana nimepokea. Na miche?

Nikamgeukia Sitini.
Nikatafsiri neno kwa neno.